Meno ya Mitumba

Nyumbani tulimwita Kinyaa, na jina hilo alilipata kabla hajaanza shule. Kikombe akipewa, kwanza anakinusa. Akiona unywele kwenye sahani, hata uwe wa kichwa chake mwenyewe, chakula kimekwisha hapo. Mtu akikohoa mezani, yeye anahamia mlangoni na sahani yake, anakula amesimama, mgongo ametugeuzia sote.

"Wewe ulitakiwa uzaliwe kwa malaika," mama alikuwa akimwambia, "ukakosea nyumba."

"Malaika wana manyoya, mama. Nao wangenishinda."

Basi mama anacheka, na hasira inaishia hapo.

Ni mdogo wangu anayenifuata. Alikuwa. Bado sijazoea kuliandika neno hilo. Mungu alimchukua mwaka jana akiwa ndiyo kwanza amemaliza chuo, na tangu hapo nimesikia watu wengi wakieleza alikuwa mtu wa namna gani, wengine hawakuwahi hata kula naye. Mimi niliishia kidato cha nne na kazi yangu ni cherehani. Lakini mambo haya nilikuwa karibu nayo kuliko wao, na mengi aliniambia mwenyewe huku napiga pindo, kwa hiyo nayaandika.

Alichotaka kusomea ni upimaji wa maji. Alijiona amekaa peke yake kwenye chumba cheupe, yeye na chupa zake, hakuna mtu wa kumpigia chafya. Majina yalipobandikwa, chuo kilikuwa kimempangia ufundi wa meno ya bandia. Mama alikaa kwenye ngazi ya mlangoni akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Wewe? Wewe unayekimbia kikohozi? Utashika meno ya watu?"

"Si meno ya watu, mama. Ni ya kutengenezwa."

"Na yanavaliwa wapi? Ukutani?"

Alijifungia chumbani mchana kutwa. Alipotoka alikuwa amepiga moyo konde. "Dada," aliniambia, "kinyaa ni kitu cha kichwani. Nitakwenda, na nitakifundisha adabu."

Na kweli alikifundisha, na mdomo wa kwanza wa somo hilo ulikuwa wangu. Muhula wa kwanza alirudi likizo na bakuli la mpira, kijisinia cha chuma chenye umbo la taya, na unga wa kuchukulia kipimo cha mdomo. Alinikalisha jikoni, akaukoroga ule unga ukawa uji mzito wa rangi ya waridi, akaujaza kwenye kijisinia, akanisukumia mdomoni.

"Pumua kwa pua, dada. Usimeze."

"Mmmm."

"Nimesema usimeze!"

Sikumeza. Nilitapika. Nilikitapika chakula chote kwenye sketi yake, na uji ule wa waridi ukafuata nyuma. Mama akashika mdomo wake. Sote tulingoja ukelele, maana huyu ndiye aliyewahi kuchoma leso kwa sababu jirani aliifutia jasho. Kinyaa alifumba macho. Midomo yake ikatikisika kidogo. Kisha akaenda bombani, akajiosha, akarudi na bakuli.

"Fungua tena. Cha kwanza kimeharibika."

Baadaye nilimwuliza alikuwa anasema nini pale alipofumba macho. Akasema ana sala yake fupi ya kazini: "Bwana, na huu nao ni mdomo ulioumba wewe." Aliisema kila alipofunguliwa mdomo, chuo kizima, na wenzake wakadhani anahesabu meno.

Mwaka wake wa pili shangazi akaingia. Shangazi yetu, dada yake marehemu baba, anauza sare za wauguzi, na hakuna mlango karibu na hospitali kubwa asioujua. Alikuja nyumbani, akavua viatu, akaanza moja kwa moja.

"Chuo kinakupa cheti tu. Kazi inatafutwa ukiwa bado chuoni, wenzako wakiwa wamelala. Nimekutafutia mahali. Utakuwa unakwenda jioni na likizo, na mwaka wa mwisho ukipangiwa mazoezi ya kazi utayafanyia hapo hapo. Ukitoka chuoni unahama meza tu, huhami nyumba."

Mahali penyewe palikuwa karakana ya meno iliyotazamana na hospitali. Mlango wa kioo, kochi la ngozi, kioo cha kujitazamia, taya za plasta zimepangwa kabatini kama vikombe vya ushindi. Nyuma kulikuwa na chumba cha kazi chenye meza ndefu, mashine ya kung'arishia, na pazia la bluu lililoficha sinki. Ukutani mwenye karakana alikuwa ameandikisha kwa herufi kubwa: MUNGU KWANZA, MTEJA WA PILI.

Wote walimwita Bosi. Mtu wa mwili, koti jeupe limenyooshwa hadi linasimama lenyewe, na manukato yake yanaingia chumbani kabla yake. Kila asubuhi aliwakusanya mafundi wake akaomba nao, mikono juu, macho yamefumbwa. Siku niliyompeleka mdogo wangu nilikuta maombi yanaendelea, nikainamisha kichwa nami nikaitikia amina kwa sauti, nikifurahi moyoni kwamba mtoto wetu ameangukia kwa watu wa Mungu. Amina ile leo naionea kinyaa kuliko kitu chochote kilichowahi kunitoka mdomoni.

"Kiti kile cha dirishani," Bosi alimwambia, "fundi wangu mkubwa anaondoka mwakani. Ukimaliza na alama nzuri, ni chako. Na alama za mazoezi natoa mimi." Akacheka, akanigeukia. "Dada mtu, una mdogo mwenye mikono mizuri. Naiona kabla haijashika kitu."

Mikono kweli ilikuwa mizuri. Alijifunza kuchonga nta, kupanga meno moja moja mpaka yakae kama ya mtu aliyezaliwa nayo, kupika ile plastiki ya waridi bila kuiacha na matundu. Alikuja nyumbani na harufu kali ya dawa zile, unga mweupe kwenye nyusi, na hadithi. Kulikuwa na mzee aliyetaka apachikwe pengo la mbele, kwa sababu ndilo mkewe alilompendea. Kulikuwa na mama aliyemeza jino, akaja kuuliza kama likipatikana linaweza kurudishwa. "Nikamwambia, mama, likipatikana usilete hapa," Kinyaa akasema, na kwa mara ya kwanza maishani akasimulia jambo kama hilo huku anakula.

Kiti cha dirishani alikitaja kama mtu anavyomtaja mchumba. Atakiweka mto. Taa ataisogeza kushoto.

Halafu kulikuwa na mzee wa Ijumaa. Hilo ni jina walilompa wao karakanani, maana alikuja kila Ijumaa na mfuko mweusi, akapitia mlango wa nyuma, akauacha kwenye sinki nyuma ya pazia. Ndani ya mfuko mlikuwa na meno ya bandia yaliyotumika. Kinyaa alipewa kuyasafisha: kukwangua ukoga, kusugua, kung'arisha. Alidhani ni ya wagonjwa wa wodini yaliyovunjika, wenyewe wako vitandani wanayangoja. Aliyasugua kwa bidii. Wakati mwingine aliomba kwa ajili ya wenyewe wapone.

Ijumaa moja, wakati yuko kwenye muhula wake wa mwisho, mwezi ambao Bosi angepeleka alama zake chuoni, alikuta kitu kimeganda upande wa ndani wa meno ya juu, mahali panapogusa kaakaa. Akakivuta kwa kibano. Ilikuwa pamba. Si kipande kilichoshika kwa bahati mbaya. Ilikuwa pamba iliyoshindiliwa, imekauka, ina rangi ya kahawia. Mzee wa Ijumaa alikuwa bado yupo, anakunywa soda na Bosi.

"Bosi, hii ni pamba."

"Itoe."

"Pamba inafanya nini kwenye mdomo wa mgonjwa?"

Mzee wa Ijumaa akamtazama Bosi. "Hujamwambia?"

"Nilidhani anajua," Bosi akasema. "Binti, huyu mzee anafanya kazi mochwari. Mgonjwa wake hajawahi kulalamika hata mmoja."

Wakacheka. Kinyaa alibaki ameshika kibano.

"Usitoe macho hivyo," Bosi akasema. "Marehemu anakwenda kutafuna nini? Yangefukiwa au yangetupwa. Sisi tunayapa maisha mengine. Unachemsha, unakwangua ndani, unajaza plastiki mpya kwa kipimo cha mteja, unang'arisha. Nani atajua?"

"Mwenye mdomo atajua."

"Mwenye mdomo hana meno ya kusemea!"

Walicheka hadi soda ikamtoka mzee wa Ijumaa puani. Mdogo wangu aliponisimulia hili alinionyesha juu ya meza yetu mahali soda ilipodondokea, karibu na meno yale, na jinsi mzee alivyoifuta kwa kiganja kisha akakifuta kiganja kwenye suruali. Watu wako nje ya chumba kile cha baridi cha mochwari wanalia, wanashikana mabega, wanangoja kukabidhiwa mtu wao. Ndani mtu anamfungua mdomo. Nimejaribu kuliandika jambo hili kwa maneno ya adabu zaidi na sikuyapata.

Alifika nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye beseni la kufulia. Alijisugua mikono kwa sabuni ya kipande na brashi ya sakafu. Nilimkuta ngozi ya vidole imeanza kuchubuka.

"We Kinyaa, unajichuna?"

"Yale yote, dada," alisema bila kugeuka. "Yale yote niliyoyasugua. Nilikuwa nawaombea wapone."

Mama alimnyang'anya brashi. Hakula siku ile, wala kesho yake isipokuwa chai ya rangi. Shangazi akaitwa. Nasema akaitwa, kwa kweli alikuja mwenyewe, kwa sababu Bosi alikuwa amekwisha kumpigia simu kumwambia mtoto kaondoka amenuna. Alikaa kitandani mwa Kinyaa na mkoba mapajani.

"Nguo za mitumba umezivaa tangu utotoni. Uliwahi kuuliza mwenyewe yuko wapi?"

"Nguo sikuivaa mdomoni, shangazi."

"Usinijibu jibu la mjini. Kijiko cha hotelini kimepita midomo mingapi?"

"Ya watu wazima, na hai. Na wanajua ni kijiko cha hotelini."

"Mwanangu, nisikilize." Sauti ikashuka. "Najua si vizuri. Nani amesema ni vizuri? Lakini umebakisha kidogo sana. Funga macho, funga pua, chukua alama zako, kaa kwenye kiti chako. Ukishakikalia ndipo uanze usafi wako."

"Nikishakikalia nitakuwa nimezoea."

"Ndiyo maana ya kazi, kuzoea!"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na pini mdomoni, na maneno aliyoyasema Kinyaa yamenikaa hivi: "Mate nimeyazoea. Ukoga nimeuzoea. Damu nimeizoea, na nilijilazimisha, shangazi, nyie mnajua nilivyo. Hiki nikikizoea nacho, nitakuwa sina kitu tena cha kuniambia simama."

"Kitu cha kukuambia simama ni njaa," shangazi akasema, akachukua mkoba wake.

Alirudi karakanani. Sitaki kumfanya shujaa wa kitabuni. Alikitaka kile kiti, na alirudi. Alijifanya ana kazi nyingi za plasta, za nta, chochote kisichopita nyuma ya pazia. Bosi naye alijitia hamnazo. Alimwacha, akamtazama, akangoja. Kisha akampa mteja mmoja, Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mstaafu, mjane, mwembamba, msomaji wa Neno katika kanisa la upande wa pili wa mji. Siku alipokuja kuvalishwa meno nami nilikuwepo, nimeleta makoti meupe niliyopewa kushona mifuko, nangoja kwenye kochi pamoja na bwana mmoja aliyevimba shavu.

"Shikamoo, Mwalimu," Kinyaa alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Maneno yalimtoka na upepo. "Leo nipeni meno hayo. Jumapili ni zamu yangu kusoma. Mara ya mwisho nilipofika kwenye 'Bwana asema', watoto wa benchi la mbele walijipangusa nyuso."

"Leo unaondoka hapa msichana, Mwalimu," Bosi akasema. "Binti, lete seti ya Mwalimu. Mpya kabisa, nimeisimamia mwenyewe."

Kinyaa alikwenda nyuma ya pazia akarudi na sinia lililofunikwa kitambaa cheupe. Nilimwona uso nikajua. Mwalimu aliegemea kiti, akafumba macho, akafungua mdomo, kama mtoto anayengoja dawa. Fizi zake zilikuwa safi, za waridi, hazina hatia yoyote. Mdogo wangu aliyainua yale meno. Midomo yake ikaanza ile sala yake na ikakatikia katikati. Mkono ulisimama hewani.

"Mwalimu," alisema, "fumba mdomo kwanza."

"Kuna nini?"

"Haya si mapya. Yalikuwa ya mtu, na mtu huyo amefariki. Yametolewa mdomoni mwake mochwari."

Bwana mwenye shavu aliinuka kwenye kochi akatoka, na mlango wa kioo ukajifunga polepole nyuma yake. Bosi hakupandisha hata nyusi. Macho makavu.

"Mwalimu, msamehe bure. Huyu ana tatizo tangu kuzaliwa, hata kwao wanamwita Kinyaa. Dada yake huyo hapo. Dada, si mnamwita Kinyaa?"

Wote wakanigeukia.

"Tunamwita," nikasema. "Lakini mwongo hatujawahi kumwita."

Mwalimu alivaa miwani. Aliyachukua meno mkononi mwa Kinyaa, akayageuza chini ya taa, akayatazama kwa ndani na kwa nje, kama anasahihisha. Alichukua muda mrefu. Nilikuwa nangoja ayatupe. Nilikuwa nangoja amtemee Bosi usoni, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba amtemee.

"Yamechemshwa?" akauliza.

"Mwalimu!" Bosi aliweka mkono kifuani. "Yamechemshwa, yakalowekwa dawa, yakachemshwa tena."

"Na mapya kweli kweli yangekuwa tayari lini?"

"Baada ya Jumapili. Na hayo ni bei nyingine kabisa, sikufichi."

Hivyo ndivyo Bosi alivyokiri, mbele yetu sote, kwamba hayakuwa mapya, na wala hakuona kwamba amekiri. Mwalimu akavua miwani.

"Binti," alimwambia mdogo wangu, "Mungu akubariki. Umefanya vizuri kuniambia. Lakini mimi Jumapili nasoma."

Akayavaa mwenyewe. Akayagonganisha mara kadhaa, akayasukuma kwa kidole gumba, akasogea kwenye kioo akatabasamu. Na lilikuwa tabasamu zuri. Hilo ndilo lililonishinda: meno mazuri, meupe, yamepangika, ya mtu tusiyemjua, yanacheka kwenye uso wa Mwalimu. "Yananikaa," alisema, na upepo haukutoka tena.

Nilikimbilia nje nikatapika mtaroni, makoti yangali mkononi. Niliporudi Bosi alikuwa amenyoosha mkono.

"Vua koti," alikuwa anamwambia. "Umeona? Mteja mwenyewe amefurahi. Ulikuwa unamtetea nani?"

Kinyaa alilivua, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza ndefu. Tulitembea hadi nyumbani. Njiani alisema neno moja tu: "Aliyavaa."

Alama zilikwenda chuoni zikiwa mbovu kuliko za mtu aliyelala muhula mzima. Utovu wa nidhamu, kutisha wateja, kutoa siri za kazi. Alikwenda kwa mkufunzi wake akaeleza kila kitu. Mkufunzi alisikiliza huku anachokoa sikio kwa kifuniko cha kalamu, na hilo Kinyaa alinisimulia kwa kina.

"Mteja analalamika?"

"Hapana."

"Anayatumia?"

"Anayatumia."

"Sasa nani amedhurika?"

"Marehemu. Na mimi. Na wale wasioambiwa."

"Marehemu hana namba ya usajili hapa." Akakitazama kile kifuniko, akakifuta kwenye shati. "Nenda kamwombe radhi, ni mtu mwelewa, atarekebisha alama. Au urudie mazoezi mahali pengine, kama utapata mahali."

Shangazi alilia kabisa. Alisema yuko tayari kwenda yeye mwenyewe kupiga magoti kwa niaba yake, wala Kinyaa hahitaji kuja. Mama akamwambia kama ana hamu ya kupiga magoti, kanisa liko wazi.

Kinyaa aliamua kurudia. Alizunguka karakana zote za mji. Simu ya Bosi ilikuwa imemtangulia kila mlango. Walimjua kabla hajataja jina, yule msichana mwenye mdomo. Waliomkubali ni kliniki ya meno ya hospitali ya umma, na huko hawakumkubali kwa kumpenda. Walikuwa na kijikarakana kidogo nyuma, lakini walichokosa ni mtu wa kuosha vyombo kwenye chumba cha kung'olea. Asubuhi angeosha, mchana angetengeneza meno.

Nilikwenda kumwona huko. Sijawahi kunusa chumba kama kile. Foleni imefika barabarani, kila mtu ameshika shavu. Ndani, beseni moja la damu na mate linatoka, jingine linaingia. Magego yaliyooza yanadondoka kwenye sahani ya chuma kwa mlio kama wa changarawe. Pamba zilizolowa zimejaa ndoo. Na katikati ya yote hayo mdogo wangu, yule wa kunusa kikombe, anasukuma beseni kwa nyonga kwa sababu mikono imejaa, anamtania mtoto mmoja kwamba jino lake lina mizizi mirefu kuliko ukoo wake.

"Vipi, huoni kinyaa?" nilimwuliza.

"Naona. Lakini hiki ni uchafu wa kweli, dada. Unaosha, unatoka."

Nyumbani alianza kukaa mezani nasi, katikati yangu na mama. Aling'ara. Kule nyuma alitengeneza seti zake, mpya, kutoka unga na nta, na mganga mkuu wa kliniki akamwandikia alama ambazo hata mkufunzi wa kifuniko cha kalamu alilazimika kuzikubali. Alifaulu. Wakamwambia nafasi ya fundi ikitangazwa, aombe.

Wakati wa mazoezi hayo, siku moja alichomwa. Mtu alikuwa ametupa sindano ya ganzi iliyotumika ndani ya vyombo badala ya kwenye kopo lake, na ikapenya glavu. Aliniambia jioni kama kichekesho. "Yaani kuosha midomo ya watu kote kule, nimeng'atwa na sindano." Nilimwuliza kama ameonyesha kwa daktari. Akasema ameosha, na dawa yenyewe ya kuzuia maambukizi hapo kliniki ilikuwa imekwisha.

Macho yalianza kuwa ya njano wakati tunamshonea gauni la mahafali. Nilidhani ni taa. Siku za mwisho wodini zilikuwa za haraka. Daktari alisema ni homa ya ini, aina kali; hakusema imetokana na nini na mimi sikuuliza, maana jibu lisingemrudisha. Alitapika sana. Alitapika kwenye beseni, kwenye shuka, kwenye mikono yangu, na kila mara aliomba radhi.

"Pole, dada. Ondoka, muuguzi atafuta."

"Nyamaza."

"Si unaona kinyaa?"

"Mdogo wangu, wewe nani akuonee kinyaa?"

Alicheka kidogo. Baadaye, mchana ule ule, alijibu kitu nilichomwuliza mwenyewe bila kutaka, kwa sababu kilikuwa kinanila. Nilimwuliza kama angejua mambo yatafika hapa, angemvalisha Mwalimu yale meno. "Kiti nilikitaka sana," alisema. Kisha: "Lakini nisingeweza, dada. Mkono ulikataa. Si mimi, ni mkono." Alifariki asubuhi iliyofuata. Nilikaa naye mpaka mwisho, na nilimsindikiza mpaka chumba kile cha baridi, nikasimama hapo mlangoni hadi tulipomchukua, na mzee mmoja mwenye mfuko alipopita karibu nilimtazama hivi kwamba akageuza njia.

Baada ya maziko, watu wamekaa, sahani zinapita, shangazi alisema. Alikuwa anatafuna.

"Koti jeupe, chumba safi, kiti dirishani. Leo angekuwa hai. Kinyaa chake ndicho kilichomuua."

Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia, wala hakupandisha sauti.

"Mwanangu amekufa hajamvalisha mtu mdomo wa maiti. Hilo linanitosha."

"Linakutosha wewe," shangazi akasema. "Yeye yuko chini."

Na ni kweli, yuko chini. Shangazi akameza kilichokuwa mdomoni, akalia, na nikaona kwamba analia kweli, na hata hivyo sikuweza kumshika mkono.

Bosi hakuja. Alituma shada la maua na salamu, kwamba alimpenda marehemu kama binti yake na kwamba karakana yake inamwombea kila asubuhi. Niliyatupa maua kwenye shimo la taka. Karakana bado ipo. Kiti cha dirishani kina mtu, kijana wa chuo kile kile.

Mchungaji wetu ananiambia nisikae na uchungu. Ameniambia nimtaje Bosi katika sala, kwa jina lake kamili, nimwombee kama ninavyojiombea. Ni mtu mwema na najua anasema kweli. Jumapili iliyopita, tulipopiga magoti, nilijaribu. Niliwataja wagonjwa. Nikamtaja mama. Nikamtaja shangazi, kwa shida, akapita. Nikafika kwa yule mtu, nikalianza jina lake, na likanijaa mdomoni kama kitu ambacho si changu, kilichowahi kukaa mdomoni mwa mtu mwingine.

Niliinuka, nikapita katikati ya watu waliofumba macho, nikaenda kwenye bomba la nje. Nikasukutua mdomo, nikatema. Kisha nikarudi kupiga magoti, na sala ilikuwa imekwisha.